Dakika zilizopungua kwenye The Offence

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Shemeji yangu anaishi Reading, Uingereza. Mwezi uliopita aliniletea DVD ya The Offence, picha ya Sean Connery ya mwaka 1973 ambayo hapa Tanga sijawahi kusikia mtu akiitaja. Nimeitazama mara mbili na bado inanisumbua kichwani. Lakini deki yangu inaonyesha picha inaisha kwa saa moja na dakika 47, na kila mahali ninaposoma wanaandika dakika 112. Je, niliyonayo imekatwa? Ile ya Blu-ray iliyotoka mwaka 2015 ndiyo yenye dakika hizo zilizopungua? Itacheza kwenye mashine za huku kwetu? Na mwisho nieleze, picha yenye Connery inapoteaje namna hii?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze kwa kukutoa wasiwasi, maana mtu akishahisi kapewa kitu pungufu hasikii lingine. Hizo dakika unazozitafuta hazikukatwa. Picha unayo nzima, ila inakwenda mbio kuliko ilivyotengenezwa, na kwa sababu hiyo inafika mwisho kabla ya wakati wake.

Sababu yake ni ya kiufundi na ya siku nyingi. Sinema hupigwa na kuonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha 24 zilizotulia, kila sekunde, na ndivyo ilivyo tangu picha zilipoanza kuongea mwishoni mwa miaka ya 1920. Televisheni ya mfumo wa PAL, uliotumika Uingereza na ndio tulioutumia Tanzania na Kenya, iliundwa kufuata umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo huonyesha fremu 25. Ukitaka kuingiza fremu 24 mahali pa 25, lazima ufanye hila fulani. Mafundi wa Ulaya walichagua iliyo nyepesi kuliko zote: waliiendesha filamu nzima kwa kasi ya fremu 25, basi. Chukua dakika 112, zidisha kwa 24, kisha gawa kwa 25. Utapata 107 na nusu. Deki yako inasema saa moja na dakika 47. Hesabu imekaa.

Wamarekani na mfumo wao wa NTSC walikwenda njia nyingine. Wao hurudia vipande vya fremu kwa mpango maalumu, hivyo muda unabaki uleule lakini mwendo wa picha unakuwa na mtetemo kidogo, hasa kamera inapogeuka polepole. Blu-ray, diski ya kizazi kilichofuata DVD, haihitaji hila yoyote kati ya hizo, kwa sababu inabeba fremu 24 zenyewe. Ndiyo maana ukitazama toleo la Blu-ray utakuta dakika 112 zimetimia, na hakuna hata tukio moja ambalo hukuliona.

Sasa, kuna atakayekuambia kwamba asilimia nne ya kasi si kitu. Kwa picha za kufukuzana na magari nitakubaliana naye. Kwa hii, hapana. Kasi ya filamu ikipanda, sauti nayo hupanda, isipokuwa fundi awe ameishusha tena kwa makusudi. Inapanda kwa zaidi ya robo-toni. Kama una rafiki anayepiga qanuni au udi kwenye taarabu, muulize robo-toni ni nini. Kwake hicho ni kipimo kinachotenganisha maqamu moja na nyingine, na akikosea hapo anasikika hadi mtaa wa pili. Basi sauti ya Connery kwenye diski yako huenda imepandishwa kwa kiasi kinachozidi hicho. Connery alikuwa na sauti nzito, ya kutoka kifuani, na katika The Offence anaitumia kama mtu anayeburuta mzigo. Filamu hii karibu yote ni watu wawili ndani ya chumba wakizungumza, na kati ya maneno kuna ukimya mrefu. Ukiuharakisha ukimya ule, hata kwa sekunde moja katika kila 25, unaondoa sehemu ya uzito ambao mwongozaji aliupima kwa makini.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajaiona, niseme kidogo bila kuwaharibia. Sajenti mpelelezi Johnson amekuwa polisi kwa miaka 20. Katika mji mmoja mpya wa Uingereza kuna mtu anawavamia watoto wa kike. Msichana mwingine anapotea akitoka shule, watu wanamsaka porini gizani, na Johnson ndiye anayemkuta, yu hai, amejaa hofu. Usiku huohuo polisi wanamkamata mwanamume aitwaye Kenneth Baxter, aliyekuwa akizurura na matope nguoni. Johnson anaingia naye chumba cha mahojiano. Kilichotokea humo tunaonyeshwa tangu mwanzo kabisa, kwa mwendo wa polepole na duara la mwanga mweupe linaloimeza picha katikati: askari wanakimbilia chumbani, Johnson amempiga mtuhumiwa vibaya mno. Kwa hiyo hutazami ili ujue nani kampiga nani. Unatazama ili ujue ni maneno gani yalisemwa mle ndani kabla ya ngumi ya kwanza, na kwa nini mtu aliyeyaona maiti na unyama kwa miaka 20 bila kutikisika akavunjika siku hiyo.

Filamu inajibu kwa mazungumzo matatu marefu. Kwanza Johnson anarudi nyumbani usiku kwa mkewe Maureen, aliyechezwa na Vivien Merchant. Kisha anahojiwa na ofisa mkubwa aliyeletwa kuchunguza, Cartwright, ambaye ni Trevor Howard. Mwisho tunarudishwa chumbani kwa Baxter, ambaye ni Ian Bannen, na safari hii tunakaa humo mpaka mwisho. Kama umeitazama mara mbili na bado inakusumbua, nadhani inakusumbua kwa sababu ileile inayonisumbua mimi: filamu haisemi kamwe kama Baxter ndiye mkosaji. Inakwisha, taa zinawaka, na bado hujui. Johnson naye hajui. Alichokuwa anakipiga si mtu huyo. Ni kitu alichokiona ndani yake mwenyewe, ambacho Baxter alikitambua kabla yake na akamwambia usoni.

Mazungumzo yale ya nyumbani na Maureen ndiyo ninayoyaona kuwa bora kuliko yote, na watu wengi huyapita haraka wakisubiri Baxter. Mwanamke anamsihi mumewe amwambie anachokiona kila akifumba macho. Mume anakataa, anamtukana sura na mwili, halafu ghafla anamwaga yote: maiti hii, mtoto yule, chumba kile, moja baada ya jingine. Na mke aliyeomba kuambiwa anashindwa kusikiliza. Anakimbia kwenda kutapika. Johnson anamgeukia kwa hasira, kwamba ulitaka kujua, sasa umejua. Nimekaa na ndugu ambao wamefanya kazi za kuona vifo kila siku, na katika sinema zote nilizowahi kuziona sijui nyingine iliyoonyesha kwa usahihi hivyo jinsi mtu anavyoleta kazi yake mpaka mezani kwake bila kusema neno, na jinsi siku anayosema anavyomwumiza aliyempenda.

Merchant alikuwa mwigizaji wa jukwaani zaidi kuliko wa sinema, na jukwaani ndiko hadithi hii ilikotoka. Mwandishi, John Hopkins, aliiandika kama mchezo wa kuigiza uitwao This Story of Yours, ukaonyeshwa kwenye ukumbi wa Royal Court, London, mwaka 1968, ukiongozwa na Christopher Morahan. Hopkins aliwajua polisi kwa kalamu, kwa kuwa aliandika vipindi vingi vya Z Cars, tamthilia ya polisi ya BBC ya miaka ya 1960. Na hapa kuna jambo ambalo mpenzi wa picha za jasusi James Bond atalifurahia: huyohuyo Hopkins ni mmoja wa walioandika Thunderball, picha ya Bond ya mwaka 1965. Kalamu iliyomvalisha Connery suti ya jasusi ndiyo iliyokuja kumvua.

Hapo tunafika kwenye swali lako la mwisho, na nitalijibu kabla ya mambo ya mashine, kwa sababu ukishalielewa utaona kwa nini diski hizi zina maana kubwa kuliko picha nyingine zinazotolewa upya.

Connery alikwisha kuuchoka mhusika wa Bond. Baada ya You Only Live Twice ya mwaka 1967 alijitoa, akaja George Lazenby kwa picha moja. Kampuni ya United Artists ikamtaka Connery arudi kwa udi na uvumba kwa ajili ya Diamonds Are Forever ya mwaka 1971. Akarudi, kwa malipo ya dola milioni 1.25, ambayo aliyaelekeza kwenye mfuko wa elimu wa Uskoti aliokuwa mmoja wa waanzilishi wake. Lakini alidai kitu kingine juu ya fedha: kampuni igharimie picha mbili za chaguo lake mwenyewe, mradi ziwe za bei ya chini. The Offence ndiyo ya kwanza. Ilitengenezwa na kampuni yake Connery, Tantallon Films, kwa takriban dola 900,000, na ikapigwa masika ya mwaka 1972. Kwa kulinganisha, malipo ya Connery peke yake kwenye Diamonds Are Forever yalizidi gharama yote ya filamu hii.

Alimchukua mwongozaji aliyemwamini, Mmarekani Sidney Lumet, ambaye walikuwa wamefanya naye The Hill mwaka 1965, hadithi ya gereza la jeshi la Uingereza katika jangwa la Afrika Kaskazini, na The Anderson Tapes mwaka 1971. Ian Bannen naye alikuwemo kwenye The Hill. Lumet alikuwa bingwa wa kufungia watu chumbani; ndiye aliyeongoza 12 Angry Men mwaka 1957. Mwaka uleule wa The Offence alitoa pia Serpico, na dunia ikaikumbuka Serpico.

Kwa nini hii ikasahauliwa? Sababu zipo kadhaa lakini mimi naipa uzito moja. Watazamaji walikuja kumwona steringi wao, na steringi akawakataa. Hapa kwetu tunajua maana ya steringi: hata akipigwa, unajua atainuka, hata akiua, unajua aliyekufa alistahili. Connery alikuwa steringi wa dunia nzima, na kumbi za pwani yetu zilimjua vizuri. Katika The Offence amevaa koti zito na kofia, masharubu yameshuka, anatembea kwenye ubaridi na matope, na hana hata tendo moja ambalo mtazamaji anaweza kulishangilia. Kisha somo lenyewe ni la watoto kudhuriwa, jambo ambalo mtu hatoki nyumbani jioni kwa furaha kwenda kulitazama. Miezi michache baadaye mwaka huohuo United Artists ilikuwa na Bond mpya wa kumuuza, Roger Moore katika Live and Let Die. Jitihada zao zikaenda huko.

Filamu ilichukua miaka tisa kurudisha faida. Kuna nchi haikuonyeshwa kabisa. Nchini Ufaransa, nchi inayojisifu kwa kupenda sinema, filamu iliingia kumbini mwaka 2007. Picha ya pili ya ule mkataba, Macbeth ambayo Connery alitaka kuiongoza mwenyewe, haikutengenezwa. Roman Polanski alikuwa ameshatoa Macbeth yake mwaka 1971, na kampuni ikaona hapakuwa na haja tena.

Bannen aliteuliwa kuwania BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji msaidizi kwa kazi yake ya Baxter. Connery hakuteuliwa popote. Mimi nasema waziwazi kwamba hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, ikiwemo ile ya The Untouchables iliyompa Oscar, na nasema hivyo nikiwa nimezitazama zote zaidi ya mara moja.

Tuje kwenye Blu-ray ya mwaka 2015. Ilitolewa Uingereza na kampuni ya Eureka katika mfululizo wao wa Masters of Cinema, na ndani ya kasha moja kuna diski mbili: ya Blu-ray na ya DVD. Hilo ni la kuzingatia, kwa kuwa hata mwenye deki ya DVD tu anaweza kuinunua leo, akaanza kutazama, na siku akipata mashine ya Blu-ray akaitoa diski ya pili kwenye kasha lilelile. Marekani nako Kino Lorber waliitoa kwa Blu-ray, lakini hiyo kwako haifai, na nitakuambia kwa nini.

Je, inafaa kuinunua wakati DVD unayo? Kwa filamu nyingi ningekuambia tunza fedha yako. Kwa hii nakwambia nunua, na sababu yangu ya kwanza ni giza. Mpiga picha, Gerry Fisher, aliipiga kama watu wanaoishi chini ya taa mbovu: korido za kituo cha polisi, sebule yenye taa moja, pori usiku na tochi zinazokatiza. DVD ya PAL ina mistari 576 ya picha. Blu-ray ina 1080, na upana wa 1920 dhidi ya 720. Lakini tofauti kubwa zaidi haiko kwenye idadi ya nukta. Iko kwenye namna picha inavyobanwa ili itoshe kwenye diski. DVD ya tabaka mbili ina nafasi ya gigabaiti 8.5, wakati Blu-ray ya tabaka mbili ina 50, tena kwa ubanaji wa kisasa zaidi. Nafasi ikiwa ndogo, mahali pa kwanza pa kupunjwa ni penye giza, kwa sababu mashine inahesabu kwamba jicho halitaona. Ndipo unapopata vile vipande vya mraba vinavyocheza kwenye ukuta mweusi, na uso wa mtu aliye kivulini unakuwa doa tu.

Mara ya kwanza nilipoiona, ilikuwa kwenye kanda iliyorekodiwa kutoka televisheni, imeshapita kwenye vichwa vya deki nyingi. Nilidhani kwa miaka mingi kwamba katika tukio la pori Connery anampata yule msichana kwenye weusi mtupu. Kwenye Blu-ray niliona majani yaliyolowa, niliona mkono wake unasita kabla ya kumgusa, na niliuona uso wake. Uso ule, ndugu yangu, ndio ufunguo wa mazungumzo ya mwisho na Baxter. Kama hukuuona vizuri, dakika ishirini za mwisho utazielewa nusu.

Sababu ya pili ni muziki. Umeandikwa na Harrison Birtwistle, mtunzi mkubwa wa muziki wa kisasa wa Uingereza, na hii ndiyo filamu pekee aliyoitungia muziki. Usitegemee wimbo wa kuuimba ukitoka. Ni sauti zinazosaga, zinazovuma chini kabisa na kupotea, zikichanganywa na sauti za elektroniki, na mara nyingi hujui kama unachosikia ni muziki au ni kitu kinachotoka kwenye kuta za jengo. Sauti ya Blu-ray ni ya mono, yaani ya mkondo mmoja tu, kama ilivyokuwa sinemani, na ni safi. Ukiwa na redio kubwa yenye spika tano, zima ule mpangilio wake wa kuzungusha sauti chumba kizima. Mono ile imekusudiwa itoke mbele yako, palepale alipo mtu anayezungumza.

Kuna pia nyongeza. Eureka waliwahoji Birtwistle, Morahan aliyeongoza mchezo ule wa jukwaani, mbunifu wa mavazi Evangeline Harrison, na Chris Burke wa idara ya sanaa. Mahojiano ya mbunifu wa mavazi usiyaruke. Mtu hufikiri nguo kwenye filamu ya kisasa ni za kuchukua tu dukani, lakini lile koti la Johnson na ile kofia vinamfanya Connery awe mzito, mtu aliyebeba mwili wake kwa shida, na ukishalijua hilo huwezi tena kuitazama filamu bila kuona namna anavyokaa kwenye kiti.

Kuhusu mashine, sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo watu wa kwetu wanapopoteza fedha. Diski za DVD na za Blu-ray zote zina maeneo, yaani hufungwa zicheze kwenye mashine za sehemu fulani ya dunia tu, lakini ramani zao hazifanani. Kwa DVD, Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika zimewekwa eneo la 5, pamoja na India na Urusi. Uingereza, Afrika Kusini na Mashariki ya Kati ziko eneo la 2. Kwa herufi ya sheria, DVD ya shemeji yako isingecheza kwako. Imecheza kwa sababu deki nyingi zinazouzwa huku hufunguliwa zikubali maeneo yote. Kwa Blu-ray mambo yamegeuka kuwa mazuri kwetu: Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika yote tuko eneo moja, B. Diski ya Uingereza ni diski yako wewe wa Tanga bila kufungua chochote. Marekani ni eneo A, ndiyo maana nikasema ile ya Kino Lorber uiache. Na India, ambayo kwenye DVD tuko nayo pamoja, kwenye Blu-ray iko eneo C.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni mashine imetoka wapi. Iliyotoka Dubai, Uingereza au Afrika Kusini itasoma eneo B. Iliyoletwa kutoka Marekani haitaisoma, na mashine za Blu-ray ni ngumu kufunguliwa kuliko deki za DVD, usimwamini fundi anayekuambia ataifungua kwa rimoti kwa dakika mbili. Na kabla hujanunua, angalia nyumbani: vijana wako wana PlayStation 3, au PlayStation 4, au 5 yenye mdomo wa diski? Zote hizo zinacheza Blu-ray, na kwa Blu-ray za filamu kanuni ni ileile ya nchi mashine ilikouzwa. Nimekutana na watu wengi waliokuwa wanatafuta mashine ya Blu-ray huku wanayo sebuleni miaka yote wakicheza mpira wa kompyuta.

Iunganishe na TV kwa waya wa HDMI. Kwenye mipangilio ya mashine tafuta mahali pa kuruhusu picha itoke kwa fremu 24, iwashe. Kwenye TV, ondoa ule mtindo wa rangi kali ambao TV nyingi hutoka nao dukani, weka ule wa sinema. Kisha tafuta kile kinacholainisha mwendo, kila kampuni inakiita jina lake, ukizime kabisa. Kinatengeneza fremu za uongo kati ya fremu za kweli, na mwendo wa polepole wa mwanzo wa filamu utaonekana kama tamthilia ya mchana. Tazama usiku, taa zimezimwa, watoto wamelala. Hilo la watoto nalisisitiza. Filamu haionyeshi watoto wakidhuriwa, lakini vipande vya kumbukumbu za Johnson vinapita haraka na vinabaki kichwani, na maneno yenyewe si ya masikio yao. Usiitazame pia pamoja na marafiki waliozoea picha za kutafsiriwa na DJ juu kwa juu. Nawapenda watu hao na kazi ya hao ma-DJ naiheshimu, lakini filamu hii ikizungumziwa juu inakufa.

Lafudhi ya Connery ya Kiskoti ikikupa shida, washa maandishi ya Kiingereza ya chini. Si aibu. Bannen anazungumza kwa sauti ya chini sana mara kwa mara, na kuna maneno yake mawili matatu mimi mwenyewe niliyapata kwa kuyasoma.

Jambo moja la nyongeza kwa shemeji yako. Filamu ilipigwa Bracknell, Berkshire, ambako si mbali na Reading. Kwa treni ni safari fupi tu. Bracknell ni mmoja wa miji mipya ambayo serikali ya Uingereza iliijenga baada ya vita, uliteuliwa mwaka 1949, na kwenye filamu unaonekana safi, wa zege jeupe, usio na historia, mahali ambapo hakuna mtu angetarajia unyama. Jengo la ghorofa anakoishi Johnson ni Point Royal, lile lenye pande sita, na bado limesimama. Sasa linalindwa kisheria kama urithi wa usanifu. Mwambie akipata siku apite hapo jioni, wakati taa za madirishani zinaanza kuwaka, akupigie picha moja kutoka chini. Uiweke ndani ya kasha la Blu-ray. Mimi nimefanya hivyo na yangu, na kila nikilifungua naona dirisha moja juu kabisa ambalo halina taa.